Hukusema Kitu

Alikuwa amelala chali juu ya kitanda ambacho kwa miaka mingi alikijua kwa upande wa kichwani tu, na jambo la kwanza alilogundua ni kwamba dari ya chumba kile ilikuwa na doa. Lilikuwa doa la maji, rangi ya chai, lenye kingo zilizochongoka kama ramani ya nchi isiyokuwepo. Wagonjwa wote aliowalaza pale walikuwa wakilitazama wakati yeye akiwatazama wao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia.

Bega lake la kushoto lilikuwa limeteguka. Asubuhi ile alipanda stuli nyumbani kwake ili abadilishe balbu ya korido, stuli ikamponyoka, akadaka hewa. Hapakuwa na mtu wa kuishika ile stuli, na baadaye hapakuwa na mtu wa kuusikia mshindo. Alijiinua kwa awamu, akaingiza miguu kwenye viatu bila kufunga kamba, akafunga mlango kwa mkono mzima, akaja hospitalini kwa teksi akiwa ameukumbatia ule mbovu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu.

Hapa walimwita Lala Salama. Jina hilo alibandikwa na wafagizi, wakalichukua wauguzi, mwishowe hata mganga mkuu akawa analitumia kwenye vikao bila kutabasamu. Kazi yake ilikuwa nusukaputi: kuwalaza watu na, lililo gumu zaidi, kuwaamsha. Alikuwa amestaafu mwaka uliopita. Walimfanyia sherehe ndogo, wakampa saa ya ukutani, naye akaenda nayo nyumbani akaitundika mahali ambapo angeweza kuisikia.

"Leo mpishi anaonjeshwa mchuzi wake," alisema daktari wa mifupa huku akivuta glavu vidoleni.

"Mchuzi siuogopi. Namwogopa anayekata nyama."

Daktari akacheka hadi mabega yakatikisika. Alikuwa mtu mnene, mwenye mzaha usiokauka. Hata maiti, walisema, angeitania kidogo kabla ya kuifunika.

Aliyesimama kichwani, mahali alipokuwa akisimama yeye, ni mwanafunzi wake wa mwisho. Alikuwa mwanamke mwenye mikono midogo na sauti isiyopanda wala kushuka. Yeye ndiye aliyemfundisha kutafuta mshipa kwa ncha ya kidole badala ya jicho, kuusikiliza mlio wa mashine kama mama anavyomsikiliza mtoto wa chumba cha pili, na kumuuliza kila mgonjwa maswali mawili kabla dawa haijaingia. Maswali yenyewe aliyaweka yeye. Sasa yalimrudia.

"Mwalimu, nani atakuja kukuchukua?"

Ndiyo kanuni ya nyumba ile. Mtu aliyepewa dawa hii hatoki hospitalini peke yake, kwa kuwa kwa saa kadhaa miguu humdanganya na macho humtilia chumvi. Aliwahi kumzuia mwanamke mmoja mpaka jioni, akimwambia kila alipoinuka kwamba asiye na mtu wa kumpeleka nyumbani hana ruhusa ya kwenda nyumbani. Yule mama alikaa kwenye benchi akilia bila sauti, naye akadhani analia kwa maumivu.

"Jirani," alisema.

"Jirani yupi? Nipe namba, nimpigie mapema."

"Atakuja mwenyewe. Anajua."

Hakuwa na jirani anayejua chochote. Upande wa pili wa ukuta aliishi mtu ambaye yeye alimfahamu kwa redio yake tu. Mwanafunzi alimtupia jicho, akaliacha neno likae kama lilivyo.

"Haya. Na unakwenda wapi?"

Swali hili la pili wengine waliliona la kitoto. Yeye alikuwa na sababu zake. Dawa yenyewe, ketamini, haimlazi mtu kama dawa nyingine, humtenga. Macho yaweza kubaki wazi, kifua hupanda na kushuka chenyewe, moyo hupiga kwa nguvu, ila mwenyewe hayupo. Njia kati ya mwili na fahamu hukatika, na ubongo unapokosa habari kutoka nje huanza kujitungia zake. Hayo ndiyo maruweruwe. Mtu akiingia na hofu, huko ndani huikuta hofu yake imekua na meno; akiingia na mahali anapopapenda, mara nyingi hupewa hapo mahali. Kwa hiyo kila mgonjwa alitakiwa achague pa kwenda. Mshonaji mmoja alichagua kibaraza cha duka lake kabla wateja hawajafika. Dereva wa malori alichagua kitanda chake mwenyewe. Mtoto aliyevunjika mguu alichagua juu ya kabati, na alipozinduka alilalamika kwamba wamemshusha.

"Msidanganyike," aliwaambia wanafunzi wake baada ya kuwafundisha hayo yote. "Hatuwatumi mahali. Tunawatuliza tu. Maruweruwe hayana maana, yana sababu." Aliyaandika maneno mawili ubaoni, athari na maana, kisha akalifuta la pili kwa kiganja. Kila mwaka wanafunzi walicheka pale pale.

"Mwalimu? Nakusubiri."

Alipekua. Alijipekua kama mtu aliyefika mlangoni akapapasa mifuko, akarudia ule wa kwanza kwa kutoamini. Chumba chake cha kulala? Kulikuwa na kitanda, na saa. Shuleni? Mtoni? Mahali pa likizo? Kila alipopashika palikuwa habari tu, anwani isiyo na mwenye nyumba. Mwisho aliiba. Alikumbuka jibu la mwashi mmoja aliyemhudumia zamani.

"Darajani," alisema. "Asubuhi, kabla magari hayajaanza kupita."

"Pazuri," mwanafunzi alisema, akasukuma dawa.

Baridi ilipanda mshipani hadi kwenye kiwiko, kisha ikaja ladha ya chuma ulimini. Sasa sauti zitarefuka, aliwaza, zikarefuka. Mlio wa mashine ukawa mstari, mstari ukawa ukingo wa kitu. Lile doa la dari likajigawa vipande vya mraba vilivyopandana kama vigae, na kila kigae kikageuka polepole kumwelekea. Haya yote aliyajua. Asilolijua ni kwamba ujuzi nao ungemwacha, kama mwenyeji anayekusindikiza hadi getini, akakuaga, akarudi ndani.

Hapakuwa na daraja. Palikuwa na korido ya nyumbani kwake, ila ndefu, na milango yake ilikuwa wazi pande zote mbili. Alipita bila miguu. Kila chumba mtu alikuwa ametoka sasa hivi tu: kiti kilikuwa na joto la mwili, bomba lilikuwa likidondosha matone ya mwisho, pazia lilikuwa bado linatikisika kwa bega lililoligusa. Aliingia, akakuta joto. Akaenda cha pili, akakuta joto. Hakuogopa. Hofu ingekuwa afadhali, maana hofu humhusu mtu. Yeye alikuwa wa ziada, nyumba yote ilikuwa ikiendelea na shughuli zake hatua moja mbele yake. Basi akaita. Aliuhisi mwito ukimtoka kwa nguvu zote alizokuwa nazo duniani, ukaondoka na korido, ila hakuusikia. Mdomo ulilijua jina. Mwenyewe hakulijua.

Alipozinduka aliona kwanza nguzo ya dripu, halafu mkono wake wa kushoto ukiwa umefungwa kitambaa kifuani, wa mtu mwingine kabisa, halafu wake.

"Limerudi nyumbani," daktari wa mifupa alisema. Mgonjwa alisubiri mzaha ufuate. Badala yake yule mtu mnene alimshika mguu juu ya shuka, akaubana kidogo, akatoka bila neno.

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili ni kwamba ngozi ilikuwa imemkakamaa kutoka pembe za macho hadi masikioni, na alipoilamba pembe ya mdomo ilikuwa na chumvi. Alikuwa mtu wa ushahidi, na ushahidi ulikuwa unajipanga.

"Nilisema nini?" aliuliza.

Mwanafunzi wake alikuwa akirekebisha mpira wa dripu. Hakujibu upesi wala hakuchelewa. Macho aliyaweka kwenye matone.

"Hukusema kitu, Mwalimu."

Alilitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake mwenyewe. Ilikuwa kanuni ya tatu, nayo haikuandikwa popote. Watu huongea huko ndani. Hutaja majina yasiyo ya wake zao, huomba radhi, hulia wakiita mama wakiwa na mvi. Wakizinduka huuliza, wote, swali lile lile, na jibu ni moja. Alimfundisha namna ya kulitoa: mikono iwe na kazi, jicho liwe kwenye dripu, sauti iwe ya kawaida kabisa, kwa sababu mgonjwa hana deni la maneno ambayo dawa imeyasema kwa kinywa chake.

"Mimi si mgonjwa wa kawaida," alisema. "Niambie kama mtu wa kazi kwa mtu wa kazi."

"Hukusema kitu."

"Tangu lini unanijibu kama mgonjwa?"

"Tangu ulipopanda kitandani, Mwalimu."

"Nilikuwa naita mtu. Nataka jina tu, mwanangu. Jina si siri."

Mwanafunzi aligeuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa ule aliomjengea yeye: mpole, uliofungwa, hauna pa kushika. "Kunywa maji kidogo," alisema. "Kidogo kidogo."

Hasira ilimpanda, ikakuta haina pa kwenda. Angemgombeza kwa kosa gani? Alikuwa ameifanya kazi vizuri. Mahali fulani ndani ya kichwa kile kidogo chenye kofia ya kijani palikuwa na jina la mtu ambaye yeye alimwita kwa nguvu zote alizokuwa nazo duniani, na lilikuwa limehifadhiwa vizuri kuliko alivyoweza kuhifadhi yeye. Ajabu kumbe mtu anaweza kulindwa namna hiyo akabaki nje.

Hapo ndipo alipomkumbuka binti yake na mkoba begani.

Mkewe alikuwa kwenye wodi ya juu, siku zake za mwisho. Maumivu yalifika mahali ambapo mofini peke yake haikufika, wakamwongezea kiasi kidogo cha dawa hii hii. Yeye aliketi kando. Binti alikuwa ametoka kwenda kuoga na kubadilisha nguo, na katika kutoka huko mama akaanza kuongea. Aliongea mchana kutwa. Alikuwa kwenye foleni. Foleni ya nini hakusema, lakini kulikuwa na dirisha, na mtu nyuma ya dirisha, na watu wasio na adabu wanaosukumana. Aliwakaripia. Nafasi hii ina mtu, aliwaambia. Ni mwanangu, ametoka kidogo tu, anarudi. Aliushikilia ukingo wa shuka kama mtu anayemshikia mwenziwe mahali, na kila mumewe alipojaribu kuvilegeza vidole ili damu ipite, alivirudisha.

Yeye alizitambua athari zote, moja baada ya nyingine. Alizitaja moyoni kwa majina yake.

Binti aliporudi, mama alikuwa amekwisha kunyamaza. Alisimama mlangoni, mkoba begani, nywele mbichi.

"Amesema nini?"

Na yeye, mkono ukiwa kwenye dripu, alisema, "Hakusema kitu."

Binti huyu alikulia katika nyumba ya Lala Salama. Kanuni ya tatu aliijua kabla hajajua kusoma. Alimwangalia mikono, akamwangalia macho yalipo.

"Baba," alisema taratibu, "mimi si mgonjwa wako."

Hakubisha. Angebisha nini? Kwamba maneno yale yalikuwa takataka za dawa? Kwamba hakutaka mtoto abebe mzigo wa upuuzi maisha yake yote? Alizika, alishukuru waliokuja, alirudi kazini. Binti alihamia upande wa pili wa mji. Tangu hapo walikuwa wakiandikiana ujumbe mfupi, wa heshima: Uko salama? Niko salama, na wewe? Yalikuwa mawasiliano ya watu wawili wanaopimana joto kwa mbali.

"Jirani hajaonekana," mwanafunzi alisema. Alikuwa amerudi, na mchana ulikuwa umehamia kwenye dirisha la pili. Wagonjwa wa vitanda viwili vya kando walikuwa wamekwisha kuondoka na watu wao. Mmoja alichukuliwa na mjomba wake, aliyemkokota huku akimsimanga kwa kupanda pikipiki ya rafiki.

"Nitakodi teksi."

"Teksi si mtu."

"Mimi ndiye niliyeiweka hiyo kanuni."

"Ndiyo, Mwalimu. Kwa hiyo unajua kwamba haina mlango wa nyuma."

Alicheka bila kutaka, na bega likamuuma. Mwanafunzi alikuwa na haki. Yeye alilala akiwaza majina, na yalikuwa machache kiasi cha kuaibisha: marehemu mama yake, mkewe, binti yao. Mawili kati ya hayo hayapigiwi simu. Lakini kama ni mojawapo ya hayo mawili ndilo alilokuwa akiliita? Kama korido nzima ilikuwa ya mtu mwingine, kumwita binti kungekuwa kumwita kwa kukosa mwingine, na yule mtoto alikuwa na pua kali kwa mambo ya namna hiyo. Alitaka uhakika kwanza. Maisha yake yote alitaka uhakika kwanza.

"Mpigie binti yangu," alisema.

Alimkodolea macho mwanafunzi wake alipolitamka. Alizitafuta kope, pembe za midomo, lile tone dogo la pumzi ambalo mtu hulitoa akisikia alichokuwa akikitarajia. Alikuwa amesoma nyuso zilizolala maisha yake yote. Huu ulikuwa macho, na haukumpa hata herufi moja. Mwanafunzi alichukua simu ya mwalimu wake, akatoka nayo koridoni. Kupitia kioo cha mlango aliona mgongo wake tu, na mkono ukieleza kitu hewani.

"Anakuja," alisema aliporudi. "Ameuliza ni mkono upi."

Binti alikuja na nguo za kazi. Alikuwa fundi wa kuvisha makochi, na mikono ya shati lake ilikuwa imejaa vipande vya nyuzi na unga wa sponji. Alisalimia, akasaini palipotakiwa, akazunguka kitanda hadi upande mzima wa baba yake bila kuuliza.

"Ulikuwa unafanya nini juu ya stuli?"

"Balbu."

"Balbu. Mafundi wa umeme wamekwisha mjini?"

"Ilikuwa balbu moja tu."

"Na bega ni moja tu, Baba. Inuka taratibu. Nishike hapa. Si hapo, utaning'oa sikio."

Walishuka ngazi kama watu wanaobeba meza. Ukuta ulikuwa bado una tabia ya kusogea alipoutupia jicho, na sakafu ilipumua kidogo. Zilikuwa athari, zingeisha kabla ya jioni. Gari la binti lilikuwa dogo, na kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa mabaki ya vitambaa. Alimfunga mkanda kwa mkono mwangalifu, asiguse kitambaa cha bega, akawasha gari. Mbele, mlinzi alikuwa amekwisha kuinua kizuizi cha getini.

"Mama yako aliongea," alisema.

Binti hakugeuka. Mikono ilibaki kwenye usukani.

"Siku ile ulipotoka kwenda kuoga. Nilikwambia hakusema kitu. Alisema mengi. Mengi yake hayana..." Alikomea hapo, neno likiwa tayari mdomoni, neno aliloliandika na kulifuta mwaka hadi mwaka. Alilirudisha. "Mengi yake sikuyaelewa. Alikuwa kwenye foleni."

"Foleni ya nini?"

"Hakusema. Kulikuwa na dirisha. Watu walikuwa wanasukumana, naye anawagombeza. Aliwaambia nafasi ya nyuma yake ina mtu. Alikuwa anakushikia wewe."

Nyuma yao mtu alipiga honi, mara moja kwa adabu, kisha kwa muda mrefu. Binti alizima gari. Alitoa mkono dirishani akaashiria, pita, na gari la nyuma likawapita karibu sana, dereva wake akiwa na la kusema. Hakuna aliyemsikia. Uzi mwekundu ulikuwa umenasa kwenye kidole cha binti, naye alikuwa akiuzungusha kidoleni, akiufungua, akiuzungusha tena.

"Polepole," alisema. "Usiruke kitu. Mbele yake kulikuwa na watu wengi?"

Baba alifumba macho. Maruweruwe yalikuwa yamemtoka, au karibu yatoke. Kilichobaki ni wodi ile, kama ilivyokuwa, na kila kitu ndani yake mahali pake.

"Alisema wawili," alijibu. "Baadaye akasema mmoja."

"Halafu?"

"Halafu akaacha kusema. Aligeuza kichwa, akawa anaangalia mlangoni."